Mkaguzi Aliyeingia kwa Upande wa Majiko

Hospitalini hakuwa anaingia kwa mbele. Gari la serikali alikuwa analiacha chini barabarani, anajifunga kanga juu ya gauni lake zuri, kisha anapanda kwa miguu akizungukia nyuma, kwenye kibanda cha bati tulichokuwa tunapikia sisi wauguzaji. Simaanishi manesi. Namaanisha mke, dada, mkwe, mama, yeyote aliyekunja mkeka wake na kubeba sufuria yake akaja kukaa na mgonjwa wake. Huku kwetu Kagera mgonjwa halazwi peke yake. Nesi anachoma sindano, anakwenda kwa mwingine. Kulisha, kuogesha, kugeuza na kufua ni kwetu.

Wakaguzi wengine walikuja kuangalia dawa, wengine vyoo, wengine nyufa za ukuta. Huyu serikali ilimtuma kuangalia jambo moja tu: hospitali inawasaidiaje watu wanaokaa na wagonjwa. Wanalala wapi, wanapika wapi, nani anawafundisha kazi kabla hawajarudishwa nyumbani na mtu asiyeweza kujigeuza. Alizunguka Bukoba na Muleba yote, mpaka visiwani. Jina lake nalijua. Nitamwita Mkaguzi tu, maana ndivyo tulivyomwita, na kwa miaka mingi jina lile sikutaka lipite mdomoni mwangu. Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili anayesoma asidhani nimekaa hapa kumsifu.

Siku ya kwanza nilidhani ni muuguzaji mgeni. Alitusalimu, akavuta kigogo, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja nasi. Kumenya alikuwa hajui. Alikuwa anakata ganda nene, nusu ya ndizi inaondoka nalo.

"Mama," nikamwambia, "hapo unamenyea watu au mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote. "Mimi mtu wa mjini, mama. Kwetu tumezoea wali. Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akakaa nasi mpaka sufuria zikafunikwa majani, akiuliza kama mtu anayepiga soga: jana umelala wapi? Mvua ilikupata? Mara ya mwisho umeoga lini? Nani alikuonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa wako? Tulipokwisha kujibu ndipo akatoa daftari kwenye kikapu akaanza kuandika. Nilijisikia kama nimeibiwa. Mimi nilikuwa namfundisha kumenya, kumbe yeye yuko kazini.

Tena aliandika vizuri, mstari umenyooka, hafuti. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akasema inatosha. Nikiandika, herufi zinapanda mlima. Nilikuwa naangalia mkono ule unavyokwenda, najiuliza ningekuwa nani kama wangu ungekwenda hivyo.

Alikuwa na tabia ya kupima vitu kwa mwili wake. Mganga mkuu alimwambia, tukisikia, kwamba wauguzaji wana nafasi ya kutosha wodini.

"Nafasi ipi?" Mkaguzi akauliza.

"Kila mmoja ana nafasi chini ya kitanda cha mgonjwa wake, mama."

Mkaguzi akavua viatu, akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda cha mzee mmoja, akalala kwenye saruji. Akakaa humo kimya. Mganga mkuu amesimama na makaratasi yake, hajui aongee na nani. Nilisali fungu zima la rozari kabla hajatoka. Alipotoka gauni lilikuwa limechafuka mgongoni.

"Saruji hii ina baridi, Daktari," akasema. "Na mkojo wa mgonjwa unadondokea huku."

Haukupita muda mrefu tukaletewa magodoro membamba ya kukunja. Watu wakashukuru. Mimi nililalia godoro hilo huku nimekasirika. Nilikuwa nimemuuguza mama mkwe hospitali ile ile, kisha binti yangu, na mara zote nilisema saruji ina baridi. Nilijibiwa, "Bibi, unalalamika sana." Maneno yangu yale yale yakitoka kwa mwenye daftari yanakuwa godoro.

Ofisini hakuwa anakula kitu. Walimpangia soda na nyama ya kuchoma, akawa anasema, "Nikila cha ofisini nitaandika cha ofisini." Anakuja jikoni kwetu kula ndizi na maharage kwenye kifuniko cha sufuria. Lakini msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulikuwa unamshinda. Ukimtolea senene wa kukaanga anafunga daftari kwanza, analiweka mbali, anasema, "Sasa siko kazini." Anakula mpaka anafuta bakuli, halafu analifuata daftari lake tena. Tulimtania kwamba serikali ya nchi hii huenda likizo mwezi wa kumi na moja.

Na huyu aliyewatisha waganga wakuu alikuwa anaogopa damu. Nesi akitafuta mshipa wa mgonjwa, Mkaguzi anageukia dirishani, anauliza habari za mibuni nje. Niligundua mapema nikafurahi sana. Nilikuwa namwita kwa makusudi, "Mkaguzi, njoo uone hapa," palipo na kidonda. Alikuwa anakuja. Uso unabadilika lakini anakuja, na hakuwahi kuniambia niache. Hilo nalo lilinikasirisha.

Manesi walimwogopa, lakini hakuwa adui yao. Mama mmoja alimtukana sista wa wodi mbele yake, akidhani anampendeza. Mkaguzi akamkatisha: "Huyu yuko peke yake kwa wodi nzima. Ukimkimbiza, kesho utamgeuza mgonjwa wako na nani?" Yule mama akaomba radhi palepale.

Sasa nifike kwa mume wangu.

Kiharusi kilimpiga msimu wa kuchuma kahawa. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, sauti ikapotea. Wiki tatu nilikaa naye wodini sikusikia neno. Nilimlisha, nikamfuta, nikamwimbia hata nyimbo za kanisani, na mimi si mtu wa kuimba. Alikuwa ananiangalia tu.

Mkaguzi akaja kitandani kwetu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sisi tulikatazwa, akamshika mkono ule uliolegea.

"Shikamoo, baba. Unakula?"

Mume wangu akafungua mdomo. Maneno yalitoka polepole, lakini vitanda vyote vilisikia. "Waitu, huyu ananilisha mbio. Nakabwa."

Waitu ni neno letu la heshima, la kumwambia mtu unayemnyenyekea. Miaka arobaini na moja ya ndoa hajaniambia waitu. Na neno lake la kwanza tangu augue lilikuwa la kunishtaki.

Mkaguzi akamgeukia sista. "Nani alimfundisha mama kumlisha mtu ambaye koo limelegea?"

Sista akaangalia chini.

"Basi hakuna. Kosa si la mama, ni lenu. Nitaliandika hivyo."

Alinitetea. Leo naliona. Siku ile niliona mwanamke mwenye mikono laini ameshika mkono wa mume wangu, na wodi nzima inaniangalia kama mtu anayemnyonga mzee kwa uji. Tangu siku hiyo nikimwosha asubuhi anatazama mlango. "Yule mama anakuja lini?" Kila asubuhi hilo. Mimi nipo, nimeshika kitambaa.

Mkaguzi aliacha agizo: hospitali iwe na daftari la wauguzaji. Mgonjwa wa namna ile asiruhusiwe mpaka ndugu yake afundishwe kumlisha na kumgeuza, kisha ndugu aweke sahihi au dole gumba. Naye atarudi kuuliza. Dole alikuwa haliamini peke yake. Atauliza kwa mdomo, halafu atasema, "Nionyeshe kwa mikono."

Siku chache kabla hajarudi, sista akanijia na daftari na kidau cha wino. "Bibi, weka dole hapa, nitakufundisha jioni, sasa hivi nina dharura." Nikaweka. Jioni dharura ikawa nyingine. Kesho yake ikawa zamu ya mwingine. Sikuwa na hasira na sista, nilimwona anavyokimbia.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alikuwepo mvuvi wa Goziba, kiharusi hicho hicho, naye bado hata mvi hana. Mkewe alikuwa msichana mpole aliyetoka kisiwani bila kumjua mtu. Alikuwa ananiita mama, ananichotea maji. Dole lake liliwekwa siku moja na langu, kwa maneno yale yale.

"Mama," aliniuliza, "huyo mkubwa akija tuseme kwamba bado?"

"Akija tutaona," nikamwambia.

Mkaguzi akaja siku moja kabla ya sisi wote wawili kuruhusiwa. Mume wangu alipomwona alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko hicho sikuwa nimekiona tangu wajukuu walipozaliwa. Mkaguzi akafungua daftari la hospitali, akaona dole langu, akapiga goti kunisalimia, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake.

"Mama, wamekufundisha kumlisha mzee?"

Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Ningesema bado, wangefundisha palepale, yeye akiwa amesimama. Lakini ningelisema mbele ya mume wangu, kwa mwanamke yule, kwamba sijui kumlisha mume wangu.

"Wamenifundisha," nikasema.

"Naomba unionyeshe."

"Nimelisha watoto saba na mama mkwe. Mimi sihitaji wa kunifundisha kulisha, wala wa kunijaribu."

Mkaguzi akabaki hivyo hivyo, goti moja chini, akinitazama. Kisha akasema, "Nisamehe, mama," akasimama. Akamgeukia mke wa mvuvi. "Na wewe, mwanangu?"

Yule msichana aliniangalia. Huku kwetu mtoto hamkatalii mtu mzima mbele ya mgeni. Aliniangalia muda ambao ungenitosha kumpa ishara.

"Ni kama mama alivyosema," akajibu.

Mkaguzi akaandika. Hospitali yetu ikaonekana imetimiza agizo. Na hospitali iliyotimiza haifuatwi upesi, kwa sababu zipo nyingine hazijatimiza, na mkaguzi ni mmoja. Akaenda visiwani na kwingine, hatukumwona muda mrefu. Daftari likaendelea kujaa madole. Mafundisho hayakuwepo.

Nyumbani haikuisha wiki ya pili, mume wangu akapaliwa na uji, akapata homa, kifua kikawa kinakoroma. Tukarudi wodini. Daktari akasema chakula kimeingia kwenye mapafu. Sista yule yule akanifundisha sasa, amesimama, hajakaa: mwinue aketi wima, mwinamishe kidevu, weka kidogo sana upande ulio mzima, ngoja ameze, angalia kama mdomoni kumebaki kitu, ndipo uongeze. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nilisimama pale na sufuria yangu nikafikiria kitanda cha pili, ambapo sasa alilala mtu mwingine.

Habari za Goziba nililetewa na mama anayeuza dagaa. Mvuvi alikufa huko kwao, kwenye kambi ya wavuvi. Alikuwa analishwa uji na mkewe, akapaliwa, kifua kikajaa, boti zikashindwa kuvuka siku mbili kwa sababu ya upepo. "Mkewe anasema alikuwa anamlisha vizuri tu," mama wa dagaa akanieleza. "Anasema hajui alikosea wapi."

Mume wangu aliishi miaka miwili baada ya hapo. Nilimlisha kwa utaratibu ule, hakukabwa tena. Hata mwaka wake wa mwisho, akisikia gari barabarani aliuliza kama ni yule mama. Tukamzika shambani, kwenye migomba yake.

Mkaguzi akastaafu. Walimfanyia sherehe, nikaambiwa wauguzaji wa zamani wanaalikwa, nikasema nina mafua. Waliokwenda walirudi na hadithi: amelia, amekumbatiwa, ametajiwa magodoro. Nilisikiliza huku nachambua maharage, nikatupa mazuri pamoja na mabovu.

Mwaka huu nilikwenda kwake. Anakaa Rwamishenye, nyumba ndogo nyuma ya maduka. Nilijiambia napeleka mbegu za maharage kwa binti yangu mjini, na mbegu kweli nilikuwa nazo, lakini nilipita mlango wa binti nikaenda kugonga wa Mkaguzi. Alikuwa amenenepa, goti linamsumbua, ananyanyuka kwa kushika ukuta. Alinitambua kabla sijataja jina. Akanitolea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kama mtu wa kwetu, na kuniuliza habari za mzee.

"Alikwenda," nikasema. "Ni miaka sasa."

"Pole sana, mama. Alikuwa anacheka vizuri."

Hilo nusura linirudishe nyumbani. Nikatafuna punje moja, nikameza, nikamwambia lote: dole, jioni isiyofika, jibu langu, msichana alivyoniangalia, mvuvi. Nikasema pia kwa nini. Nikasema, "Nilikuonea wivu." Sikuwahi kumwambia hivyo hata padri.

Hakushtuka. Aliangalia mikono yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukufundishwa. Kwenye kikabati cha mzee palikuwa na kijiko cha kugawia chakula. Aliyefundishwa anashika kijiko cha chai."

"Sasa mbona uliandika?"

"Ulikuwa mkubwa wangu na mumeo anasikiliza. Nikaona haya kukubishia. Tena nilikuwa nimechoka, mama. Mwezi mzima nilikuwa naandika hapana, hapana, hapana. Nilitaka hospitali moja tu niandike ndiyo. Na yule binti nilimwona alivyokuangalia kabla ya kujibu. Nilimwona."

Mtu mwingine angepata nafuu. Kwangu ulipanda wivu ule ule, mpya kabisa, kama nimeupata asubuhi hiyo. Huyu mwanamke alichukua neno la kwanza la mume wangu, akachukua kicheko chake, na sasa hata dhambi niliyoilalia peke yangu miaka yote, kumbe nusu yake alikuwa nayo yeye.

"Yule binti yuko wapi?" akauliza.

"Bado yuko Goziba. Anakausha dagaa."

"Kuna boti Jumatano. Twende wote. Kalamu nilikuwa nayo mimi."

"Hapana," nikasema. "Wewe ukifika utaanza kuongea, na ukiongea watu wanakusikiliza wewe. Goziba nitakwenda mwenyewe."

"Na kwa goti langu hili, labda ni sawa," akasema. "Lakini ukifika, mama, usimwambie kwamba mambo yaliharibika, au kwamba hospitali ilikuwa hivi. Mwambie ulisema uongo, naye akakufuata kwa heshima."

Nikasimama, nikachukua mfuko wangu wa mbegu. "Hilo sihitaji wa kunifundisha."

"Na siku ile ulisema hivyo," akasema. Hakulisema kwa ukali.

Nilikuwa nimeshika kitasa. Nje watu walikuwa wanapita na ndoo, mtu anamwita mwenzake dukani. Nilisimama pale mpaka mkono ukachoka. Kisha nikarudi, nikaweka mfuko chini, nikakaa.

"Haya," nikamwambia. "Nifundishe. Nianzeje?"

"Mumewe alikuwa anaitwa nani?"

Nikafikiri. Wiki zote zile wodini tulimwita mvuvi.

"Jina lake silijui."

"Basi anza kwa kumwuliza hilo."